UZI: Charles Studd, jina lake limebandikwa kwenye kichombo cha Ashes, kaburi lake liko Ibambi, Kongo

Mshumaa wa Upanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita jirani yangu, mzee wa Kihindi hapa Upanga ambaye kriketi kwake ni kama Simba na Yanga kwetu, alinionyesha picha ya kile kichombo ambacho Uingereza na Australia wamekuwa wakikigombea tangu enzi za Malkia Victoria. Wanakiita The Ashes, yaani Majivu. Nilidhani ni kombe kubwa la kubeba kwa mikono miwili. Kumbe ni kichombo cha udongo chenye urefu wa sentimita kama 11 tu, unakifumbata kiganjani, na tumboni kimebandikwa karatasi yenye beti za shairi. Nikakuza picha nisome. Baada ya jina la nahodha, jina linalofuata ni "Studds".

Jina hilo nalijua tangu nikiwa kidato cha pili. Mhubiri mmoja alitusimulia kwenye mkutano wa Pasaka wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, habari za kijana tajiri wa Kiingereza aliyegawa urithi wake wote, akaenda China, kisha akafia Kongo. Alituambia tu kwamba alikuwa "mwanamichezo". Na jirani yangu, ambaye anakutajia wachezaji wa miaka 100 iliyopita bila kushika kitabu, hakuwahi kusikia neno Ibambi. Kwake Studd anatoweka mwaka 1885. Kwangu mimi Studd alikuwa anaanzia hapo hapo.

Ndipo nikaanza kusoma. Huu uzi ni matokeo yake, nitauandika kwa vipande.

Kwanza niweke sawa jambo moja. Wengi humwita mchungaji. Charles Thomas Studd hakuwahi kuwekewa mikono na askofu wa Kanisa la Uingereza. Alikuwa mhubiri na mmishenari, na alilea usharika kule Ootacamund, India kusini, kwa miaka kadhaa. Kazi ya mchungaji aliifanya, cheo hakuwa nacho.

Alizaliwa tarehe 2 Desemba 1860 huko Spratton, Northamptonshire. Baba yake, Edward Studd, alitajirika kwa mashamba ya nili India, akarudi Uingereza kula maisha: jumba kubwa Tedworth, uwindaji, na farasi wa mashindano. Farasi wake Salamander alishinda Grand National mwaka 1866, mbio ngumu kuliko zote nchini mwao. Kisha mwaka 1875 mhubiri wa Kimarekani Dwight Moody akaja London, rafiki mmoja akamvuta Edward kwenda kumsikiliza, na mzee akaokoka. Aliuza farasi wake. Ukumbi wa jumba lake akaujaza viti na kuita watu wa jirani waje kusikia neno. Aliishi miaka michache tu baada ya hapo.

Vijana wake watatu, Kynaston, George na Charles, walikuwa shuleni Eton, na walimwona baba aliyebadilika kama mtu anayewafedhehesha. Halafu likizo moja, mgeni wa baba yao aliongea na kila mmoja peke yake, na wote watatu wakaamua siku ile ile bila mmoja kujua habari za mwenzake. Charles mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikaa na imani hiyo moyoni kama miaka sita bila kumwambia mtu. Kilichokuwa kimemjaa ni kriketi.

Nakuja na sehemu ya pili.

---

Kaka Lindi

Naweka kambi hapa mkuu. Ila wengine kriketi hatuijui kabisa. Tafadhali eleza polepole.

---

Mshumaa wa Upanga

Sawa kaka. Nitaeleza kiasi cha kukuwezesha kuona ile siku ya Agosti 1882, kwa sababu bila hiyo siku huyu mtu humuelewi.

Kriketi kuna timu mbili za watu 11. Timu moja inapiga, nyingine inarusha mpira na kudaka. Wapigaji wanakuwa wawili uwanjani, kila mmoja upande wake, na nyuma ya kila mmoja kuna vijiti vitatu vimesimikwa, vinaitwa wiketi. Mrushaji anataka kuangusha vile vijiti, na kila mpigaji anayemtoa anahesabiwa wiketi moja. Mpigaji anavilinda kwa gongo lake, na akiupiga mpira mbali anakimbia kubadilishana upande na mwenzake, hiyo inahesabiwa mkimbio. Akitolewa, anaingia mwingine, mpaka timu iishe: hiyo ndiyo awamu moja, na kila timu inapiga awamu mbili. Shika hili: kwa wakati mmoja anayerushiwa mpira ni mpigaji mmoja tu. Wa upande wa pili anasimama na gongo mkononi, anatazama.

Mwaka huo Charles alikuwa na miaka 21, mwanafunzi wa Trinity College, Cambridge. Yeye na kaka zake wawili walikuja kuwa manahodha wa Cambridge miaka mitatu mfululizo, George 1882, Charles 1883, Kynaston 1884. Charles alikuwa anapiga na kurusha pia. Msimu wa 1882 alipita mikimbio 1,000 na wiketi 100, na msimu wa 1883 akafanya vivyo hivyo tena. Waaustralia walipokuja kiangazi hicho aliwafunga mikimbio 118 akiwa na Cambridge, halafu 114 akiwa na klabu ya MCC. Kwa hiyo timu ya taifa ilipoitwa kwenda The Oval, kusini mwa London, tarehe 28 na 29 Agosti, Charles Studd alikuwemo.

Australia walitolewa kwa mikimbio 63. Uingereza wakajibu kwa 101. Australia awamu ya pili, 122. Fanya hesabu: Uingereza walihitaji 85 tu kushinda. Walifika 51 wakiwa wamepoteza watu wawili, na watu uwanjani walishaanza kushangilia.

Basi akawashukia Fred Spofforth, mrushaji wa Australia waliyemwita Shetani. Alikuwa amekasirika, maana W. G. Grace wa Uingereza alikuwa amemtoa kijana mmoja wa Australia kwa ujanja ambao Waaustralia waliuona si wa kiungwana. Akarusha kama mtu anayedai haki yake. Wiketi 14 kwa mikimbio 90 katika mechi nzima. Uingereza wakatoka 51 na wawili hadi 75 na wanane.

Na Studd alikuwa wapi wakati huo? Nahodha Hornby alibadilisha mpangilio, akamrudisha nyuma mpaka nafasi ya 10. Inasimuliwa kuwa alikuwa anazunguka jukwaa la wachezaji amejifunika blanketi, anatetemeka. Aliingia inahitajika mikimbio 10. Akasimama upande wa pili. Mwenzake akatolewa. Akaingia mtu wa mwisho, Ted Peate wa Yorkshire. Busara ilikuwa Peate ajilinde tu, amwachie Studd, kijana aliyewapiga hawa hawa Waaustralia mara mbili msimu huo. Peate akapata mikimbio miwili, kisha akainua gongo kwa nguvu zote, akakosa, vijiti vikaanguka. 77. Wameshindwa kwa mikimbio 7.

Studd alitoka uwanjani bila kutolewa, bila mkimbio, na bila kurushiwa hata mpira mmoja. Peate alipoulizwa kwa nini hakumwachia, inasimuliwa alijibu kwamba hakuweza kumwamini Bwana Studd.

Siku chache baadaye, tarehe 2 Septemba, gazeti la Sporting Times lilichapisha tangazo la kifo cha kriketi ya Uingereza, kwamba mwili utachomwa na majivu yatapelekwa Australia. Ndiyo asili ya jina. Majira ya baridi hayo Ivo Bligh akaongoza timu kwenda Australia "kuyarudisha majivu", Charles na George wakiwemo. Kule karibu na Melbourne, katika nyumba ya Rupertswood, akina mama wakampa Bligh kile kichombo. Mmoja wao, Florence Morphy, baadaye akawa mke wake. Neno "Studds" lina s mwishoni kwa sababu walikuwa wawili.

---

Binti Mchungaji

Hapo kwa Peate nimesoma mara mbili. Lakini mkuu, kwa nini alisema "Bwana Studd" na si Studd tu? Walikuwa timu moja.

---

Mshumaa wa Upanga

Swali zuri dada. Enzi hizo wachezaji walikuwa wa aina mbili. Waungwana, wenye mali au wasomi, walicheza bila mshahara na waliitwa Bwana. Wachezaji wa kulipwa walitoka familia za vibarua, waliitwa kwa jina la ukoo tu, na viwanja vingi viliwawekea chumba chao cha kubadilishia nguo na lango lao la kuingilia. Peate alikuwa wa kulipwa. Hata katika kumlaumu mwenzake ilibidi amwite Bwana.

Tuendelee. Mwishoni mwa 1883 kaka yake George aliugua karibu na kufa. Charles alikaa kando ya kitanda akijiuliza umaarufu wote ule una thamani gani kwa mtu anayetazama umilele. George alipona. Charles akaenda kumsikiliza Moody tena, akaanza kuwaleta wachezaji wenzake mikutanoni, na mwaka 1884 akajitoa kwenda China na shirika la Hudson Taylor, China Inland Mission.

Walijikuta vijana saba: Studd, Stanley Smith aliyekuwa mpiga kasia wa Cambridge, Montagu Beauchamp, William Cassels, Dixon Hoste, na ndugu wawili Arthur na Cecil Polhill-Turner. Wakaitwa Saba wa Cambridge. Cassels ndiye aliyekuwa kasisi kweli, akaja kuwa askofu China magharibi. Walizunguka vyuo vya Uingereza na Scotland, kumbi zikijaa wanafunzi waliokuja kuona mchezaji wa timu ya taifa anayeacha kila kitu. Februari 1885 wakapanda meli. Studd alikuwa na miaka 24.

Nipite China haraka, ingawa alikaa karibu miaka tisa. Walivaa nguo za Kichina na kusuka nywele kama Wachina. Studd aliishia mkoa wa Shanxi, akaendesha nyumba ya kuwatoa watu kwenye uraibu wa kasumba, yaani afyuni. Ila kuna kisa kimoja nakiweka kwa sababu nitakirudia. Wakisafiri kwa mashua kwenye mto Han, yeye na wale ndugu wawili waliweka vitabu vya lugha pembeni, wakaamua kuomba Mungu awape Kichina kwa muujiza kama siku ya Pentekoste. Hawakupewa. Wakarudi kwenye vitabu.

Sasa urithi. Baba yao alikuwa amemwachia sehemu ambayo angeipata akifika miaka 25, jumla karibu pauni 29,000. Enzi ambayo kibarua wa Uingereza hakufikisha pauni 100 kwa mwaka. Charles alihitaji sahihi ya balozi mdogo wa Uingereza kule Chongqing ili fedha zihamishwe. Yule ofisa alipoona anachotaka kufanya alikataa, akamwambia aende akafikiri wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, akarudi, akasainiwa. Tarehe 13 Januari 1887 akatuma hundi: pauni 5,000 kwa Moody, 5,000 kwa George Müller wa nyumba za yatima Bristol, 5,000 kwa kazi ya maskini Whitechapel, 5,000 kwa Jeshi la Wokovu India, kisha nyingine ndogo ndogo.

Zilibaki pauni 3,400. Mwaka uliofuata alikuwa anamwoa Priscilla Stewart, binti wa Ireland aliyekuwa mmishenari huko huko China. Charles akamkabidhi zile fedha kama zawadi ya ndoa. Priscilla akamuuliza: Charlie, Bwana alimwambia yule kijana tajiri afanye nini? Auze vyote. Basi tuanze arusi yetu vizuri na Bwana. Zikaenda nazo kwa Jeshi la Wokovu.

Mhubiri wetu wa UKWATA alipofika hapo, sisi wanafunzi tulikuwa tunalia. Mimi leo nikisoma naona Priscilla ndiye aliyekuwa na la kupoteza zaidi, maana moyo wake ulikuwa mgonjwa na alikuwa anakwenda kuzaa mabinti wanne bara la China bila daktari karibu.

---

Binti Mchungaji

Afadhali umemtaja mama. Mimi ni mtoto wa mchungaji, na natumia jina hili kwa makusudi. Baba yangu hakuwa nyumbani kwa ubatizo wangu, hakuwa nyumbani nilipofaulu darasa la saba, na mama alipolazwa alikuwa kwenye mkutano wa injili mkoa mwingine. Kanisani walimsifu kwa kujitoa. Sisi nyumbani tulikula kujitoa kwake. Sisemi kwa uchungu, baba yangu nampenda, na sasa amezeeka tunakaa naye vizuri. Lakini nataka kujua: huyu Studd alipokwenda Kongo, mke alikuwa wapi?

---

Mshumaa wa Upanga

Dada, nilijua swali hili litakuja na nimelichelewesha kwa makusudi, maana sina jibu jepesi.

Walirudi kutoka China mwaka 1894, afya zao zote mbaya. Akahubiri vyuo vya Marekani, kisha India kutoka 1900 hadi 1906. Mwaka 1908 akiwa Liverpool aliona tangazo mlangoni lililosema wala-watu wanahitaji wamishenari. Aliingia ndani kwa sababu ya maneno hayo. Ndani akamkuta Karl Kumm, Mjerumani aliyezunguka Afrika ya kati, akieleza sehemu ambazo mhubiri hajafika.

Studd alikuwa na miaka karibu 50, ana pumu, na homa za zamani hazijamwacha. Madaktari walikataa. Wafadhili waliokuwa nyuma yake wakajitoa. Akawajibu kwamba Mungu amemwita, atakwenda, hata kama kaburi lake litakuwa jiwe tu la kukanyagia vijana watakaofuata. Akaenda kwanza Sudan, mwishoni mwa 1910. Kisha mwaka 1913 akaondoka kwenda Kongo ya Wabelgiji, na Priscilla akabaki Uingereza akiwa mgonjwa wa moyo.

Alirudi Uingereza mara moja tu, akakaa 1914 hadi 1916. Julai 1916 akaondoka tena, na hakuiona tena Uingereza mpaka anakufa. Miaka 15.

Lakini Priscilla hakubaki kitandani. Kazi ilipokosa mtu wa kuishika nyumbani aliinuka, akaendesha ofisi ya misheni, akasafiri nchi nyingi kuhubiri na kutafuta vijana wa kwenda Kongo. Mwaka 1928 alikwenda Ibambi kumwona mumewe. Walikaa pamoja majuma mawili. Baada ya miaka 12. Waumini wa pale walikuwa wakisikia tu kwamba Studd ana mke huko Ulaya anayewatafutia walimu, na sasa wakamwona kwa macho. Akaondoka kabla ya joto kali. Januari iliyofuata, 1929, alifariki akiwa Hispania. Hawakuonana tena.

Mimi, dada, hayo majuma mawili nimeyafikiria kuliko zile pauni 29,000. Fedha zilikuwa zake, alikuwa na haki ya kuzitoa. Miaka 12 ya mke mgonjwa sidhani ilikuwa yake peke yake. Naamini alimpenda, na naamini Priscilla alikubali kwa hiari, maana alikuwa mwanamke wa imani kama yeye. Bado naona palikuwa na kosa.

---

Binti Mchungaji

Asante kwa kutolifunika.

---

Isiro Moja

Bonjour ndugu zangu. Mimi niko mtu wa Isiro, sasa ninaishi Kampala. Ninafurahi sana kuona Ibambi inaandikwa hapa. Ibambi ni kule kwetu, territoire ya Wamba. Kanisa yetu ni CECCA 16, ni ile ilitoka kwa misheni ya Studd. Wazee hawakumuita Studd, walimuita Bwana Mukubwa. Mimi nilikuwa mtoto nilizani ni jina yake ya kweli.

---

Mshumaa wa Upanga

Karibu sana ndugu! Wewe ndiye niliyekuwa namsubiri bila kujua.

Wakuu, angalieni hilo jina. Vitabu vya Kiingereza vyote vinaandika "Bwana Mukubwa", wala si "Mkubwa". Wazungu hawakukosea tahajia, wameandika walichosikia. Hicho ni Kiswahili cha Kongo, Kingwana, kile kilichopandishwa na misafara kutoka pwani kikatulia huko Ituri na Uele na kupata mwendo wake.

Na njia yake ilipita kwetu. Mwaka 1913 Studd na Alfred Buxton, kijana aliyeacha masomo ya udaktari Cambridge, walishukia Mombasa, wakapanda reli hadi ziwani, wakavuka Uganda mpaka Ziwa Albert, wakaingia Kongo upande wa Mahagi, wakapita machimbo ya dhahabu ya Kilo na msitu. Njiani Studd alishikwa na homa kali. Akakumbuka Yakobo anasema wazee wampake mgonjwa mafuta. Hawakuwa na mafuta ya mzeituni. Buxton akampaka mafuta ya taa. Akaamka. Oktoba walifika Niangara, wakajenga Nala, na baadaye, miaka ya 1920, Studd akahamia Ibambi. Misheni iliitwa Heart of Africa Mission, leo ni WEC.

Sasa kumbukeni mto Han. Kijana aliyeomba apewe lugha kwa muujiza, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60, alikaa kwenye nyumba ya nyasi Ibambi akitafsiri Agano Jipya zima kwa Kingwana. Neno kwa neno, alfajiri hadi usiku, wanasema saa 17 au 18 kwa siku. Sehemu hii inanigusa kuliko uwanja wa Oval. Alikubali kuipata lugha kwa njia ndefu.

---

Mpembuzi

Uzi mzuri, lakini mmeruka jambo. Kongo ya 1913 ni nchi iliyotoka mikononi mwa Leopold miaka mitano tu nyuma. Watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Mmishenari anaingia pale kwa kibali cha nani? Na hayo maneno ya "wala-watu" yaliyompeleka, si ndiyo picha ile ile iliyotumika kuhalalisha kila kitu?

---

Mshumaa wa Upanga

Mpembuzi, uko sahihi na sitajaribu kukwepa. Wabelgiji waliichukua Kongo kutoka kwa Leopold mwaka 1908. Studd aliingia kwa ruhusa ya serikali hiyo, na viwanja vya misheni alipewa na serikali hiyo. Mwaka 1930 mfalme wa Ubelgiji alimpa nishani ya Simba kwa kazi yake Kongo. Mtu hapewi nishani na dola ambayo amekuwa mwiba kwake. Na lile tangazo la Liverpool, kweli, lilimwita kwa kuwadharau watu wenyewe. Yeye alikwenda akakaa nao mpaka kufa, akala walichokula, lakini tangazo linabaki vile lilivyokuwa.

Niongeze na mengine wasiyoyasema majukwaani. Miaka ya mwisho aligombana na karibu kila mtu. Alidai wamishenari wote wafanye kazi kama yeye, hakuna mapumziko. Alihubiri kwamba wengi wa waliobatizwa hawajaokoka bado. Aliandika kijitabu chenye kichwa cha herufi D.C.D., kifupi cha msemo wa matusi wa askari wenye maana ya kutojali lolote ila Yesu, na wafadhili Uingereza wakashtuka. Daktari alimpa mofini kwa maumivu, akaendelea nayo. Aliwaondoa kwenye kazi bintiye Edith na mumewe, ambaye ni yule yule Alfred Buxton aliyempaka mafuta ya taa. Kamati ya London nayo ilifika mahali pa kumwondoa yeye. Mkwe mwingine, Norman Grubb, ndiye aliyeshikilia misheni isianguke.

Alifariki Ibambi tarehe 16 Julai 1931. Inasimuliwa watu wapatao 2,000 walikuja mazishini, na neno lake la mwisho lilikuwa Haleluya. Kaka yake Kynaston alikuwa ametoka kuwa Meya wa London, na mwaka 1930 rais wa MCC, klabu inayokitunza kichombo cha Ashes mpaka leo katika jumba lake la makumbusho pale uwanja wa Lord's, London.

---

Isiro Moja

Kwa ile ya Mpembuzi, hata kwetu watu wanaongea. Bibi yangu alikuwa anasema Bwana Mukubwa alikuwa mukali, mutu akichelewa maombi ya asubui anasikia sauti. Lakini alisema pia alikuwa na sufuria moja na kitanda ya miti kama sisi. Yote mbili alisema, hakuchagua moja.

Na tusisahau, wa-Kongo wenyewe ndio walibeba ile injili kutoka kijiji mpaka kijiji. Studd hakuweza kutembea, alikuwa mugonjwa. Majina yao hayako katika vitabu yenye mumesoma.

---

Mshumaa wa Upanga

Hayamo ndugu, na hilo ni pengo kubwa kwenye kila nilichosoma. Ukipata wazee wanaoyakumbuka, yaandike kabla hawajaondoka.

---

Kaka Lindi

Nimesoma wote mpaka hapa. Isiro Moja, wazee wa huko wanajua alicheza kriketi?

---

Isiro Moja

Hapana. Jana usiku nilipigia muzee mumoja wa kanisa simu, yuko Isiro, miaka 80 na kitu. Nikamusomea ile ya Oval polepole, nikageuza geuza maneno mpaka akaelewa ule mupira. Akauliza: walishinda ao walishindwa? Nikamuambia walishindwa kwa saba, na Bwana Mukubwa alisimama tu pale na gongo yake, hakuna mutu alimutupia mupira.

Muzee akanyamaza. Kisha akasema: na ule mwenye hakumuamini, alikuwa nani? Alifanya nini nyuma yake?

Nimekosa ya kumujibu. Mwenye uzi, nisaidie, nitamupigia tena leo jioni.

---

Mshumaa wa Upanga

Mwambie mzee aliitwa Ted Peate, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Yorkshire. Mwambie hakuwa mtu wa ovyo: katika mechi ile ile aliangusha Waaustralia wanane, wanne kila awamu, na bila yeye Uingereza wasingefika hata pale. Alifariki mwaka 1900, akiwa na miaka 45. Mwaka huo ndio Studd aliokwenda India.

Na mpe salamu zetu za Upanga.